Kijiko cha Kafuri

Haya enyi wa Kuze, na nyinyi mliokuwa mkipita njia mkaona watu wamejaa mkasimama, karibuni barazani! Sogeeni, sogeeni. Mwenye tumbo alivute ndani, mwenye miguu mirefu aikunje, kahawa ipo ya kutosha kuogea. Leo sisemi habari za vita wala habari za mchele. Leo nasema habari ya kichwa changu hiki mnachokiona, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa si changu.

Mwanijua. Mimi ndiye Athmani Tarishi. Nimepeleka barua za tajiri wangu mji mzima huu, toka bandari ya kale mpaka Feri, na kusoma sijui na kuandika sijui. Barua nilizijua kwa harufu. Ya Mwarabu ina udi, ya Mhindi ina bizari, ya Mzungu haina harufu yoyote, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Na mbio nilikuwa nazo! Nilikuwa nikitoka Kuze na barua, nikifika kule kivuli changu bado kiko mlangoni kinatafuta kiatu cha pili.

Nasema leo kwa sababu nimesikia mtaa wa pili kuna kijana ameanza kuanguka, na wazee wake wanahangaika huku na huku na makopo ya dawa. Wamo humu barazani, siwatazami. Mama yangu, Bi Mwanaisha, ameniruhusu niseme yote. Yuko hapo nyuma ya mlango anasikiliza, kata ya maji mkononi, nikitia chumvi sana atanimwagia. Basi nitatia kidogo tu.

Nilianguka mara ya kwanza mchana wa kaskazi, mwaka ule wa vita, mji umejaa askari wa kila rangi na watu wanapanga foleni kwa kibaba cha mchele. Niko Ndia Kuu, barua mkononi. Nikasikia harufu ya nywele zinaungua. Nikasema, nani huyu anachoma nywele zake jua lote hili? Halafu... hakuna halafu, jamani. Ni kama mtu amekuja na kisu, amekata kipande cha mchana, akenda zake nacho.

Nilipofumbua macho naona anga, naona nyuso zimenizunguka, na puani mwangu kuna kiatu. Mwajua desturi yetu, mtu akianguka ananusishwa kiatu. Lakini viatu vyote vya Mombasa, wao wakachagua cha mchukuzi wa papa! Wallahi sikuzinduka kwa kupona. Nilizinduka nipate kukimbia.

Nilicheka siku ile ili nao wacheke. Lakini ulimi nilikuwa nimeuuma mpaka nikadhani natafuna maini ya mtu mwingine, na kanzu yangu ilikuwa imelowa, na si kwa maji. Mke wa muuza halwa alinitupia kanga nijifunge, akageuza uso asinione nikijifunga. Mpaka leo nikimwona namwombea dua. Barua nilikuwa bado nimeishika. Tajiri wangu akasema, "Huyu hata akifa, barua itafika." Alisema akicheka. Nilipoanguka tena mbele ya meza yake hakucheka. Akaniambia, "Athmani, kapumzike nyumbani mpaka upone." Aliniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma, kwa sababu mtu akikufukuza kwa kelele waweza kumjibu.

Sasa mjue nyumbani kwangu kulikuwa na nani. Kulikuwa na mke wangu Zuhura, mja mzito, binti wa Mzee Salim mwenye duka la kanga, wale watu ambao mababu zao walitoka Hadhramaut na mpaka leo wakikohoa wanakohoa kwa Kiarabu. Na kulikuwa na mama. Mama yangu kazi yake ni kuosha maiti za wanawake. Alifundishwa na mamake, naye na mamake. Nusu ya bibi zenu nyinyi mliokaa hapa wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Uvunguni mwake hamkosi kopo la bati, na ndani ya kopo mna kafuri, vile vipande vyeupe vya kutia katika maji ya kuoshea. Kafuri ya mama ilikuwa kali, ukifungua kopo Kuze paka wa Kibokoni wanapiga chafya.

Ugonjwa wangu mimi siuhesabu kwa miezi, nauhesabu kwa dawa. Kwanza kulikuwa na msimu wa mafusho. Nilifunikwa blanketi, nikafukizwa mpaka nikatoka nimeiva, kukosa ndimu tu. Nikaanguka vile vile. Ukaja msimu wa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani katika sahani, zinaoshwa, unakunywa. Maneno ya Mungu sina la kusema, yalinituliza moyo. Kuanguka nikaanguka. Mvua za masika zikaja, na watu wakawa hawatumii kikombe nilichonywea mimi. Hawasemi. Kikombe kinaoshwa, kinawekwa peke yake juu ya dirisha, na wewe waona.

Ndipo mama akapata fikira yake. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeingia nyumba za maiti tangu ujana wangu. Palipo na kafuri malaika huingia, na jini hatakiwi kukaa. Huyo wako yuko ndani, basi na kafuri iingie ndani."

Zuhura akasema, "Mama, kafuri si ya maiti?"

"Na mumeo unavyomwona yuko mbali na maiti?"

Akasaga kipande, akakikoroga katika mafuta ya nazi ya moto, akanipa kijiko. Jamani! Ni baridi inayounguza. Nilimeza kijiko kimoja nikahisi nimemeza kaskazi nzima pamoja na vyombo vyake. Tumbo linawaka, pua inatoa upepo, macho yanatoka kwenda kutafuta kazi kwingine. Mama akafurahi. "Yuwaungua huyo," akasema. Yeye alimaanisha jini.

Tangu siku hiyo akiniona nimezubaa kidogo, kijiko. Kukiwa na jambo kubwa, harusi, matanga, safari, kijiko. Alikuwa akinipa kwa mapenzi, nataka mlisikie hilo. Alikuwa akipuliza kile kijiko kisinichome mdomo, mimi mtu mzima na ndevu zangu. Na mimi nikawa naanguka kuliko zamani. Naanguka harusini, naanguka matangani. Watu wakasema, "Athmani, jini wako apenda sherehe." Nami nikawajibu, "Atakuwa jini wa Mombasa." Tukacheka wote, na mimi nikawa sialikwi tena.

Zuhura akajifungua, mtoto wa kike, tukamwita Maimuna. Sikumshika. Kina mama walisema, ngoja kwanza, ngoja arobaini. Kwa ukoo wa Mzee Salim siku ya arobaini baba anakabidhiwa mtoto mbele ya wazee, na huko ndiko kuwa baba hasa. Basi nikangoja. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, mdogo kama andazi, nikawa nafanya mazoezi ya kushika mto wa kulalia. Ule mto nilioubembeleza mimi, ungekuwa na masikio ungeniita baba.

Siku ikafika. Sebule ya Mzee Salim imejaa, udi unafuka katika chetezo, wazee wamekaa na makoti yao. Asubuhi ile mama alikuwa amenipa kijiko, akanitazama, akanizidishia kingine. "Leo siku kubwa," akasema. "Ipite salama." Zuhura akaja na mtoto, amevaa kofia ya hariri. Akanyoosha mikono. Nami nikanyoosha yangu. Nikasikia harufu ya nywele zinaungua.

Nilichowahi kusema ni "Mrudishe," basi.

Nilivyozinduka nilikuta mkono wangu huu, tazameni, usiogope wewe, umeangukia makaa ya chetezo. Sebule nzima ya wanaume, na hapana aliyenigusa, maana wanaogopa povu, wanasema likikupata nawe utaanguka. Walisimama ukutani wakasoma dua, na mkono unachomeka. Aliyetoka upande wa wanawake bila buibui, akapita mbele ya wazee wote, akanitoa makaani kwa viganja vyake vitupu, ni mama. Viganja vile vina makovu mpaka leo. Na bado asubuhi ile ile kijiko kilikuwa kimetoka katika viganja hivyo hivyo, na yeye hajui, na mimi sijui.

Mzee Salim alikuwa amempakata Maimuna. Si mtu mbaya, nisikilizeni. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Akasema, "Athmani, mke sikunyimi, talaka sitaki. Lakini huyu mtoto hatalelewa na mtu ambaye mikono yake si yake. Watabaki hapa kwangu. Siku mikono yako ikirudi kuwa yako, njoo."

Nikatoka pale, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu sikuwa na neno la kuchekesha.

Basi nikaenda hospitali. Kule kuna benchi chini ya veranda, refu, ukikaa mwanzo wake kijana unafika mlangoni kwa daktari una mvi. Kila mtu anauliza mwenzake, wewe una nini? Mmoja mguu, mmoja jicho. Nikasema langu. Benchi likapata nafasi ghafla! Wale waliokuwa wamebanana kama tende wote wakakumbuka wana haja ya kusimama. Nikalala juu ya benchi peke yangu kama sultani, na nikiwa nimelala vile machozi yakaniingia masikioni. Akaja kikongwe mmoja mwanamke kutoka ng'ambo ya Likoni, akanigonga miguu, "Nipishe, mwanangu." Nikamwambia, "Bibi, mimi nina kifafa." Akasema, "Mimi nina njaa." Akakaa, akafungua kitambaa chake, akanimegea mkate wa mofa, akala kwa mkono huo huo alionipia. Sikumwona tena. Ningekuwa na mji ningempa jina lake.

Daktari alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake hakina mushkeli, mtu mwembamba, akisimama kwa ubavu humwoni. Akaniuliza mengi. Akaniuliza na hili: "Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana, daktari."

Na wallahi sikusema uongo. Mafusho nimeacha, kombe nimelimaliza. Kafuri? Nani hapa anaita kafuri dawa? Kafuri ni ya maiti, na ya sandukuni nguo zisiliwe na mende. Angeniuliza kama natumia chumvi pia ningesema hapana.

Akanipa vidonge vyeupe vidogo. Huo ukawa msimu wa usingizi. Nililala nikisimama, nililala nikitafuna. Siku moja nililala nimesujudu, imamu akamaliza sala, akaenda nyumbani akala, akarudi kwa sala ya pili akanikuta vile vile, akasema, "Mashallah, huyu mtu ana ibada." Mwili ukanenepa, kichwa kikajaa pamba, majina ya watu yakanipotea. Nilimwita muuza maji "shangazi". Nikavumilia, kwa sababu nilikuwa namtaka Maimuna.

Lakini kuanguka bado. Nyumbani kidogo kulipungua. Hospitalini ndiko nilikokuwa naanguka, kila nikienda. Kwa nini? Kwa sababu kwenda hospitali ni safari, na safari ni jambo kubwa, na jambo kubwa lina kijiko. Mama hakukosa. Basi daktari kila akiniona, ananiona sakafuni. Siku moja nikiwa nimekalishwa kitini, mdomo una damu, akakasirika.

"Athmani, vidonge unavitupa."

"Navila, daktari."

"Unavitupa, au unagawa. Dawa ile inafanya kazi. Umenichosha sasa. Njoo uione."

Akanishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma alichokuwa akifanyia uchunguzi wake. Mlikuwa na vizimba, na ndani sungura weupe wanatafuna majani. Akatoa wawili, akawaweka mezani. "Huyu," akasema, "asubuhi nimempa dawa yako. Huyu wa pili hakupewa kitu. Sasa nitawapiga sindano wote wawili, sindano ya kuwatia kifafa."

Nikasema, "Daktari, wamekukosea nini?"

Akachukua sindano. Akafungua chupa. Na mimi nywele zikanisimama. Chumba kizima kilinuka kwetu. Kilinuka uvungu wa mama.

Kabla sijafungua mdomo akawapiga sindano wote wawili, na punde yule sungura wa pili akanyoosha shingo. Akakaza miguu. Akaanguka ubavu, akaanza kupiga miguu mezani, macho meupe, povu mdomoni. Jamani, mimi nilikuwa nimeanguka mara nyingi mpaka mawe ya mji huu yananijua kwa uzito, lakini kifafa sikupata kukiona hata siku moja. Mwenye nacho hakioni. Zuhura ndiye aliyekuwa akikiona. Mama ndiye. Nikasema moyoni, kumbe hivi? Kumbe hiki ndicho alichokiona Zuhura amenyoosha mikono na mtoto ndani yake? Na sungura wa kwanza amekaa kando anatafuna jani lake, ametingisha sikio tu, kama hayamhusu.

Yule aliyeanguka akatulia. Akainuka, akatazama huku na huku kama mtu aliyetoka msikitini hakuona viatu vyake. Ule mtazamo naujua. Nikambeba, nikampakata. Sikuwa nimepakata kitu chenye roho tangu ule mwaka kuanza.

"Umeona?" daktari akasema. "Dawa inafanya kazi."

"Daktari, hiyo chupani si kafuri?"

"Ni kafuri katika mafuta. Umeijuaje?"

"Mimi naijua sana. Nainywa."

Chupa ilikuwa mkononi mwake. Akaiweka mezani polepole, kama yai. "Unainywa," akasema. "Lini uliinywa?"

"Leo asubuhi, kabla ya kuja. Kila nikija kwako."

Akakaa. Akavua miwani. Nilidhani atanipiga, kumbe anafuta macho. Akasema, "Mimi hapa nakupa dawa ya kuzuia, na huko nyumbani mtu anakupiga sindano yangu kwa kijiko."

Nikamwomba anieleze, na maneno yake mengi yalinipita, lakini haya niliyashika kwa sababu yalikuwa ya kazi yangu. Alisema kichwani mwa kiumbe mna matarishi, wadogo hata kwa miwani huwaoni, wanakimbia na habari huku na huku. Wakubwa wa Ulaya wanabishana, wengine wasema matarishi hao ni umeme, wengine wasema ni matone ya maji fulani. Yeye alikuwa upande wa matone. Wako wanaobeba amri ya "piga", na wako wanaobeba amri ya "basi". "Mimi nadhani," akasema, "nadhani tu, sina hakika, kwamba kafuri inawafungia mlango hawa wa basi. Wale wa piga wanabaki peke yao mjini." Nikamwambia, "Daktari, naelewa kabisa. Siku mimi nimelala na barua, tajiri alikuwa akigombana na dunia nzima." Akanitazama, akasema angekuwa na mtu kama mimi chuoni kwake asingelala darasani. Haya, hilo la chuoni nimetia chumvi. Lakini alicheka.

Njia ya kurudi nyumbani sikucheka mimi. Ningemwambiaje mama?

Nilimkuta uani amekaa na kinu, anasaga ya kesho. Nikamwambia. Akasema, "Kafuri imdhuru mtu! Nimewapa watu kafuri maisha yangu yote, hapana aliyepata kulalamika."

"Mama, ni maiti wale."

Akaendelea kusaga. Nikamwambia habari ya sungura. Nikamwambia aliyekunywa ameanguka, asiyekunywa... hapana, nilichanganya, nikaanza upya. Nikamkumbusha harusi, matanga, arobaini. Niliona akihesabu kimya kimya, vijiko na vianguko, kijiko na kianguko. Mchi ukamtoka mkononi. Akatazama viganja vyake, yale makovu ya chetezo, akavifunika kwa upande wa kanga kama mtu anayefunika uso wa maiti.

Siku zile hakula. Watu walikuja kumwita, mama fulani amefariki, akasema anaumwa. Alipoacha kulia akanishika. "Athmani, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Usimwambie mtu. Wakijua kafuri yangu ndiyo iliyokuwa ikikuangusha, nani ataniacha niguse maiti yake? Sina kingine mimi." Nikamwapia. Na daktari nikamwomba asiseme, akakubali.

Kopo likatoka uvunguni, likawa linalala kwa jirani. Vidonge nikavila kama saa. Na nyinyi wenye mgonjwa, sikieni hili: niliviacha siku chache kwa kujiona mzima, nikaanguka. Nikavirudia, navila mpaka leo, na usingizi ule umekwisha. Na mkienda kwa daktari, kila kinachopita koo la mgonjwa mtajieni, hata kama ni maji ya uji. Na akianguka msimwogope. Mwondoleeni moto karibu, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na viatu vyenu vaeni wenyewe.

Kusi ikaisha, sikuanguka. Mvua za vuli, sikuanguka. Kaskazi ikarudi, nimesimama. Tajiri akanirudisha kazini. Nikaenda kwa Mzee Salim, nikambusu mkono. "Mzee, mikono imerudi."

Akanitazama sana. "Alikutoa nani huyo jini?"

"Vidonge vya hospitali."

"Vidonge ulivila na ukaanguka hapo hapo hospitalini, mji mzima wajua. Nitajie sababu, mwanangu. Kilichokuwa kikikuangusha ni nini, na kimekwenda wapi? Jini gani huyu anahama bila kuaga?"

Sababu ilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi wangu wenye kovu. Nikaimeza. Akasema, "Basi hajatoka, amelala. Siwezi, Athmani. Nisamehe." Nikageuka. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara mama alikuwa akinisubiri mlangoni, akiuliza, "Amesemaje?" nami nikisema, "Bado." Naye anainama.

Rehema yangu ilikuwa Zuhura. Kila alasiri alipita mbele ya baraza hii, buibui mpaka chini, hasimami, haongei na mtu. Lakini ubavuni mwa buibui kunatoka mguu mmoja mdogo umetiwa hina, ukining'inia. Wiki hadi wiki ule mguu unakua. Mimi mwanangu nilimjua kwa mguu kabla ya uso.

Ikaja Idd. Siku ya Idd mlango haufungwi, hata Mzee Salim hawezi kuufunga. Mama akaniambia, "Vaa, twende tukawape mkono." Tukaingia sebule ile ile, chetezo kile kile, wazee wale wale na mwaka mmoja juu yao. Wanawake wamejaa mlango wa ndani. Tukapewa halwa, tukapewa kahawa, kila mtu anatazama mikono yangu kama inauzwa. Na mara Zuhura akatoka mlango ule, hakumwomba ruhusa babake, hakumtazama mtu, akaja moja kwa moja akaniwekea mtoto mapajani.

Mzito! Nyinyi mwajua wanenu, hamjui uzito. Mimi nilikuwa nimebembeleza mto. Maimuna akanitazama, akanishika ndevu, akavuta kama anayetoa maji kisimani. Nami mabega yakaanza kutikisika. Mikono ikafuata. Nikajaribu kuzuia, ikazidi, kidevu kinacheza, macho sioni mbele.

"Imempata!" mzee mmoja akapiga kelele.

"Mtoto! Mchukueni mtoto!" Mzee Salim akaruka na kahawa yake, ikamwagikia imamu. Wengine ukutani, dua zikaanza. Mtu akaja mbio, akanibandika kiatu puani, na jamani kilikuwa kiatu kipya cha Idd cha Mzee Salim mwenyewe. Mimi nataka kusema, siwezi, mdomo umejaa kilio na pua imejaa ngozi.

Ndipo mama akapita mbele ya wazee wote mara ya pili katika umri wake, akakishika kile kiatu akakirusha uani, akapiga ukelele uliosikika mpaka Feri:

"Mwacheni! Kafuri nilikuwa nikimnywesha mimi, na kafuri imekwisha! Huyo analia tu, majuha nyie!"